Nywele, maji na moto: Habari ya saloni za Wadominika

Katika vitabu vyetu hivi tunaandikaka juu ya ngoma, juu ya mahari, juu ya majina ya watoto na juu ya matanga. Nywele tunaziachia wanawake na watu wa saloni, sawa vile hazina historia. Lakini kuna jambo lilitusukuma. Binti mmoja wa jamaa yetu, aliyehamia Marekani pamoja na wazazi wake, alituma picha. Nywele zake, tulizozijua tangu utoto kuwa za kipilipili kabisa, zilikuwa zimelala mpaka mabegani, laini, zinang'aa. Mama mkubwa wake akaangalia picha ile, akauliza katika simu: «Hii ni wigi ao ni yako?» Binti akajibu: «Ni yangu, mama mkubwa. Hakuna dawa hata kidogo. Ni Wadominika.»

Neno lile lilileta mabishano nyumbani siku mbili. Wazee walisema mtoto amekana nywele za babu zake. Vijana walisema hajakana kitu, amezikausha tu. Kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli, lakini katika nyumba nzima hakuna aliyejua Wadominika ni watu gani, na kwa nini wao njo wamekuwa mabingwa wa kunyoosha nywele zenye kufanana na zetu. Tukaona inafaa kuanzia pale.

Jamhuri ya Dominika ni upande wa mashariki wa kisiwa cha Hispaniola, katika bahari ya Karibe. Upande wa magharibi ni Haiti. Kisiwa hicho ndicho Wahispania walichoanzia makao yao ya Amerika, baada ya Christopher Columbus kufika mwaka 1492. Mapema katika miaka ya 1500 walianza kuleta Waafrika wafanye kazi ya utumwa katika migodi na mashamba ya miwa. Desemba 1521, watumwa wa shamba la Diego Colón, mwana wa Columbus, waliasi. Ni moja ya maasi ya kwanza ya Waafrika katika Amerika yenye kuandikwa. Miaka mitano kiisha, mwaka 1526, mfalme Afonso wa Kongo, Nzinga Mbemba kwa jina la kwao, alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanamkamatia watu wake, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe. Biashara haikusimama. Kwa miaka karibu mia tatu watu wa Kongo na Angola walivushwa bahari, na wengi waliteremshwa kisiwa kile, zaidi sana upande wa Wafaransa, ule unaoitwa Haiti leo.

Alama yao iko mpaka sasa. Kaskazini ya mji wa Santo Domingo kuna mahali panaitwa Villa Mella. Pale kuna chama cha dini kinachoitwa Undugu wa Roho Mtakatifu wa Wakongo wa Villa Mella. Wanapiga ngoma kwa mikono, na ngoma zenyewe zinaitwa congos. Wanazipiga wakati wa Pentekoste, tena wanazipiga kwa wafu: siku ya kukesha, siku ya tisa, na miaka mitatu baada ya kifo, katika karamu inayoitwa banko, ambamo marehemu anaagwa mara ya mwisho. UNESCO ilikitambua chama hicho mwaka 2001 na kukiandika katika orodha yake ya urithi mwaka 2008. Sisi rumba yetu iliingia orodha hiyo mwaka 2021, miaka kumi na mitatu kiisha. Ndugu zetu wa Villa Mella walitutangulia na jina letu wenyewe! Na nani kati yetu hawezi kutambua matanga, kesha na kutoa msiba katika habari ile?

Basi njo hapo mambo yanaanza kuwa magumu. Katika nchi hiyo hiyo yenye kuzika watu wake na ngoma ya Kongo, nywele za Kongo zina jina: pelo malo, nywele mbaya. Nywele zenye kulala zinaitwa pelo bueno, nywele nzuri. Hawasemi nywele ngumu na nywele laini. Wanasema mbaya na nzuri, sawa vile mtu anavyosema juu ya tabia. Mtoto wa kike anasikia neno lile akiwa bado kwenye magoti ya mama yake, wakati kitana kinapita na yeye analia.

Neno hilo halikutoka hewani. Wadominika walipata uhuru wao tarehe 27 Februari 1844, si kutoka kwa Wahispania bali kutoka kwa Haiti, iliyotawala kisiwa kizima tangu 1822. Kwa hiyo, kwa wakubwa wengi wa nchi, kuwa Mdominika kulikuja kuwa na maana ya kutokuwa Mhaiti, na kutokuwa Mhaiti kulikuja kuwa na maana ya kutokuwa mweusi. Ubaya ulizidi wakati wa Rafael Trujillo, aliyetawala kwa mkono wa chuma toka 1930 mpaka alipouawa tarehe 30 Mei 1961. Mwezi wa Oktoba 1937 askari wake waliua maelfu ya Wahaiti karibu na mpaka. Yeye mwenyewe, ambaye bibi yake mmoja alikuwa wa damu ya Haiti, alikuwa anapaka poda usoni apate kuonekana mweupe. Katika kitambulisho, watu wenye ngozi ya kahawia waliandikwa «indio», yaani Mhindi wa Amerika, ingawa wenyeji wa kwanza wa kisiwa walikuwa wamekwisha kupungua karibu wote tangu miaka ya 1500. Hapo unaelewa kazi ya saloni. Ngozi haigeuki, pua haigeuki, lakini nywele zinageuka. Mtu aliyekaushwa nywele vizuri anaweza kupita kuwa indio. Nywele za kujikunja zinamtaja babu yake mbele ya wote.

Wenyewe wanajua. Wana msemo wa zamani kwamba kila mmoja ana weusi nyuma ya sikio. Mtaalamu wa elimu ya jamii Ginetta Candelario, mwenye asili ya nchi hiyo, aliuchukua msemo huo kuwa jina la kitabu chake, Black Behind the Ears, kilichotoka mwaka 2007. Sehemu nzima ya kitabu inahusu saloni moja ya Wadominika katika Washington Heights, mtaa wa kaskazini ya Manhattan, New York. Aliwaonyesha wateja picha za vitabu vya mitindo, na akakuta kwamba wanawake wale hawakuchagua sura za kizungu kuwa nzuri kupita zote. Walipenda sura ya katikati, ya «Kilatini». Hawakutaka kuwa wazungu. Walitaka kuwa wale wa katikati. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho ya wazee wetu, lakini kwa mimi ina uzito, maana inaonyesha kwamba shitaka la «wanataka kuwa wazungu» ni la haraka mno.

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe, kwa sababu watu wanaihukumu bila kuiona.

Kwanza ni maji. Nywele zinafuliwa na shampoo, mara mbili mara nyingi, kisha zinapakwa mafuta mazito ya kulainisha na kuachwa zinywe. Kiisha zinagawanywa, na kila fungu, likiwa bado bichi, linazungushwa kwenye bigudi kubwa za plastiki wanazoziita rolos. Hapa ufundi unaanza. Fungu lisipovutwa vizuri toka kwenye mzizi, mzizi utabaki umejikunja na kazi yote itaharibika. Mwanamke anaingia chini ya kaske, ile kofia kubwa ya umeme, anakaa saa moja, ao zaidi kama nywele ni nzito. Pale anasoma, analala, ao anasikiliza habari za majirani. Akitoka, nywele zimekwisha kukauka na kunyooka kwa sehemu kubwa. Bado zamu ya mwisho, ile ambayo kwetu watu wa saloni wanaiita brashingi: brashi ya mviringo katika mkono mmoja, sechuari katika mkono mwingine, fungu kwa fungu toka mzizi mpaka ncha. Fundi anavuta, moto unafuata brashi. Asiyezoea hutoa machozi. Wadominika wanasifiwa dunia nzima kwa mkono huo, na sifa hiyo ni ya haki. Ni kazi ya nguvu ya bega kuliko ya dawa.

Jioni kuna tubi. Nywele zote zinachanwa kuzunguka kichwa, sawa na kilemba, zinashikwa na vibanio, na kitambaa kinafungwa juu. Kesho yake zinazungushwa upande wa pili. Bila tubi, kazi ya saa tatu inapotea katika usiku mmoja. Nilipoelewa jambo hilo nilikumbuka vitegemeo vya kichwa vya Waluba, vile vya mti vilivyochongwa kwa ustadi, ambavyo vingi vimefungiwa leo katika makumbusho ya Ulaya. Waluba-Shankadi walikuwa na mtindo wa nywele wenye kuteremka ngazi kwa ngazi sawa na maporomoko ya maji, na mchongaji mmoja wa zamani, ambaye jina lake halikuandikwa, wataalamu wanamwita paka «Bwana wa nywele za maporomoko» kwa vile alivyouchonga mtindo huo kwenye vitegemeo vyake. Mtindo ulichukua siku za kazi, kwa hiyo sherti mtu alale shingo imeinuliwa, kichwa kisiguse kitanda. Anayesema kwamba kusumbuka usiku juu ya nywele ni ujinga ulioletwa na wageni, aende kwanza akaangalie vitegemeo vile.

Kwa nini nywele zinanyooka bila dawa, na kwa nini zinarudia? Unywele umejengwa na protini inayoitwa keratini, na ndani yake kuna vifungo vya namna mbili vinavyotuhusu hapa. Kuna vifungo vyepesi, ambavyo maji yanavifungua na ukavu unavifunga tena. Ukikausha unywele ukiwa umevutwa, vifungo vile vinafunga katika sura mpya. Ukiupatia maji tena, ao jasho, ao ukungu wa asubuhi, vinafunguka, na unywele unarudia sura yake ya kuzaliwa. Kuna tena vifungo vigumu vya salfa, ambavyo maji hayawezi kuvigusa. Dawa ya kudefriza, yenye soda kali ndani, inavivunja vifungo hivyo moja kwa moja, na unywele ule hautarudia tena mpaka ukatwe na mwingine uote. Kwa hiyo binti yetu alisema kweli: kukausha si kudefriza. Maji yalifungua, moto ulifunga. Ukitaka kujua kama mtu amekausha ao amedefriza, mnyeshee mvua.

Faida ya kwanza iko pale pale. Dawa ya kudefriza inaunguza ngozi ya kichwa. Mama zetu wengi wanaijua harufu yake na vidonda vyake. Tena mwezi wa Oktoba 1922 haikuwako habari hii, wala mwaka 2000 haikujulikana: ni mwezi wa Oktoba 2022 watafiti wa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani walipotangaza matokeo ya kufuata wanawake zaidi ya 33,000 kwa muda wa karibu miaka kumi na mmoja. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya kansa ya tumbo la uzazi: kufikia miaka 70, kama 4.05 kwa mia, wakati wasiotumia kabisa walikuwa 1.64 kwa mia. Utafiti wa namna hiyo hausemi kwamba dawa njo sababu hakika, na 4 kwa mia si wote. Lakini mwanamke aliyeacha dawa na kuchukua bigudi ana haki ya kusema amechagua kilicho chepesi.

Faida ya pili ni ya wale wanaofanya kazi. Baada ya kifo cha Trujillo, vita vya ndani na kuingia kwa majeshi ya Marekani mwaka 1965, na sheria mpya ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka huo huo, Wadominika walihamia New York kwa maelfu. Wengi wa wanawake walikuta viwanda vya nguo, na viwanda vile vilipofungwa mmoja mmoja, saloni ilibaki. Kufungua saloni hakuombi mtaji mkubwa: viti, kaske, maji ya moto, na mikono. Katika saloni ile iliyoandikwa na Candelario, wanawake walikuwa wanapata pia habari ya kazi, ya daktari, ya nyumba ya kupanga, ya shule ya mtoto. Mgeni aliyefika wiki iliyopita alikuta pale lugha yake. Wakongo waliohamia miji ya ugenini wanajua thamani ya mahali pa namna ile.

Kisha Wamarekani weusi wakaanza kuja. Wao walikuwa na historia yao ya zamani ya nywele, na majina makubwa ndani yake, kama Madam C. J. Walker, aliyezaliwa mwaka 1867 katika Louisiana na kufariki mwaka 1919 akiwa tajiri kwa biashara ya mafuta ya nywele. (Wengi wanasema yeye alivumbua kitana cha moto. Hapana, kilikuwako mbele yake. Yeye alikieneza.) Katika saloni zao wenyewe, kutengeneza nywele kulikuwa kunaweza kuchukua siku nzima ya Jumamosi, na bei ilikuwa juu. Mdominika alifanya haraka, alifanya bila miadi, na aliomba pesa kidogo. Mafundi weusi wa Marekani walinung'unika: wakasema Wadominika wanaharibu bei, wanavuta sana, wanaunguza nywele za watu. Kulikuwa na chuki ya biashara ndani ya maneno yale, na kulikuwa pia na ukweli.

Tuingie basi katika ukweli huo, maana pale njo hatari iko.

Joto la kaske ni la wastani, linazunguka kichwa bila kugusa. Joto la sechuari ni jambo lingine: linagusa, tena linagusa pamoja na mkono unaovuta. Unywele wa kipilipili, ju ya kujikunja kwake, ni dhaifu kwenye kila kona. Mafuta ya ngozi hayateremki vizuri mpaka ncha, kwa hiyo unakauka upesi. Ukiupatia joto kali kila wiki, keratini yenyewe inaharibika, haihusu tena vile vifungo vyepesi. Na kama unywele bado una maji ndani na joto likaja kwa nguvu, maji yanachemka ndani ya unywele na kufanya mapovu madogo, na pale unakatika. Madaktari wa ngozi wanayajua mapovu hayo. Wanayaona kwenye darubini. Ndiyo sababu fundi mwema hapokei sechuari mpaka kaske imemaliza kazi yake, na ndiyo sababu fundi mwenye haraka, mwenye watu sita wanaongoja kwenye benchi, ni mtu wa kuogopwa.

Dalili ni moja, na wengi wanaitambua kwa kuchelewa. Mwanamke anafua nywele zake nyumbani akitegemea zirudie, na sehemu ya mbele hairudii. Inabaki imening'inia sawa na nyasi kavu, wakati nyuma imejikunja vizuri. Kwa miaka mingi kulikuwa na uvumi kati ya wateja weusi wa Marekani kwamba Wadominika wanachanganya dawa ya kudefriza katika mafuta yao kwa siri. Siwezi kumtetea kila fundi wa dunia. Lakini hakuna haja ya siri ile ili kueleza nywele zisizorudia: joto peke yake linatosha. Na kuna kosa lingine la majina. Matibabu ya keratini yanayoitwa ya Brazil, ambayo mengine yalikutwa yakitoa formaldehidi, ile dawa ya kuhifadhia maiti, si kitu kimoja na kazi ya Wadominika. Mtu anayeingia saloni aulize kwa jina anachopakwa.

Juu ya upara inafaa kusema kwa uangalifu. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliandika juu ya wanawake weusi waliopoteza nywele katikati ya kichwa, wakauita ugonjwa ule upara wa kitana cha moto. Walifikiri mafuta yenye kuchemka yanateremka kwenye ngozi na kuua mizizi. Baadaye walikutwa wanawake wenye ugonjwa huo huo wasiotumia kitana cha moto, na jina likabadilishwa. Mwaka 2019 watafiti walikuta kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kuna kasoro ya kurithi katika jeni moja. Kwa hiyo moto ulisingiziwa kwa sehemu. Kuvuta, kwa upande mwingine, hakusingiziwi: nywele zinazovutwa kila wakati pembeni ya uso zinang'oka na mwisho hazioti tena. Na hapo dada zetu wa meshi na misuko ya kukaza wasicheke Wadominika, maana kosa ni lile lile.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye darubini. Nywele zilizokaushwa zinamfanya mtu kuwa mtumwa wa maji. Mvua ikinyesha, anakimbia. Watu wakienda kuogelea, anabaki kwenye mchanga. Mwaka 2013 madaktari wa ngozi walichapisha maulizo waliyowafanyia wanawake weusi 103 wa Marekani, na karibu wanne kwa kumi walisema kuna wakati wanaacha mazoezi ya mwili ju ya nywele. Mtu anaacha kukimbia, anaongeza sukari ya damu, ili Jumatano afanane na Jumamosi. Hii kwa mimi ni bei kubwa kupita ile ya kuunguza ncha.

Na katika nchi yenyewe ya Wadominika, wengine wamechoka na bei ile. Carolina Contreras alianza kuandika juu ya nywele za kujikunja kwa jina la Miss Rizos, na mwaka 2014 akafungua saloni katika mji wa kale wa Santo Domingo, ambamo hakuna mtu anayenyooshwa. Wasichana waliofukuzwa shuleni ao kuonywa kazini kwamba «wachane nywele» walipata mahali pa kwenda. Katika Marekani sheria nayo imeanza kusema: Februari 2019 mji wa New York ulitangaza kwamba kumbagua mtu ju ya nywele zake ni kumbagua ju ya rangi yake, na mwezi wa Julai mwaka ule California ikawa jimbo la kwanza kufanya sheria ya namna hiyo. Mtu hawezi kusema «ni uchaguzi wake tu» wakati mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya kichwa alichozaliwa nacho.

Lakini sheria upande wa pili nayo tunaijua, sisi. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya kurudia asili, ya Mobutu: nchi ikaitwa Zaïre mwaka 1971, majina ya Kikristo yakafutwa mwaka 1972, na wanawake wakakatazwa suruali na wigi, wavae kikwembe. Wakati ule nywele za uzi mweusi zilikuwa kwenye kila kichwa, na zilikuwa nzuri, hakuna anayebisha. Lakini ziliamriwa na wanaume, na amri ilipolegea, mawigi na dawa vikarudi kwa fujo. Mwanamke mmoja mzee aliniambia: «Bale bakubwa balikuwa banatuambia tufanane na bankambo, na bao benyewe banavaa lunette ya Paris.» Sikupata jibu.

Turudie basi katika mabishano ya nyumbani. Kwa maoni yangu, kazi ya Wadominika kama kazi ni bora kuliko soda, na ni ufundi wa kuheshimiwa. Mara moja kwa miezi miwili ao mitatu, kwa fundi asiye na haraka, nywele zenye afya zinaweza kuivumilia. Kila wiki, mwaka mzima, hapana. Na jina lile la «nywele mbaya», lenye kuingia saloni pamoja na mteja, halina matumizi hata moja, si ya mara moja wala ya kila wiki. Wazee walikosa walipofikiri binti amekana babu zake; vijana walikosa walipofikiri neno lile halikai ndani ya sechuari.

Mwaka uliofuata binti alituma picha nyingine, kichwa kimefungwa kitambaa. Sehemu ya mbele haikurudia, alikuwa ameikata. Mama mkubwa hakumgombeza. Alimwuliza swali moja tu, na ni yeye, asiyesoma kitabu hata kimoja cha habari hii, aliyelipata:

«Weye, wale wanaikausha ju inyooke. Na uzi?»

«Uzi gani, mama mkubwa?»

«Ule tulikuwa tunakusuka ukiwa mudogo. Unafua nywele, unaipakaa mafuta, unazungusha uzi toka ku muzizi mpaka ku ncha, unalala nayo. Kesho unafungua: imenyooka, na hakuna moto.»

Binti alinyamaza kidogo, kiisha akacheka. Alisema kwamba amekwisha kumwomba fundi wake wa New York amfungie bigudi na kumweka chini ya kaske tu, bila kumpitishia sechuari, na kwamba fundi yule alinuna, akasema kazi haijaisha. Juu ya uzi alisema hajui tena kuufunga mwenyewe, na pale anapokaa hauonekani madukani. Mwezi wa Desemba mtu mmoja wa kanisa letu alisafiri kule. Mama mkubwa alimpatia mabunda manne ya uzi mweusi, akayafunga ndani ya soksi, katikati ya sombe iliyokaushwa na samaki.